Nani analipia maji ya Mabawa?

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Hesabu hii kila mama wa Mabawa anaijua hata kama hajawahi kuiandika, kwa sababu katika kata yetu hii ya Tanga maji yanahesabiwa kwa dumu. Dumu likiuzwa shilingi 50, uniti nzima imemgharimu mnunuzi 2,500. Likipanda hadi 100, ni 5,000. Siku bomba limekauka na mwenye mkokoteni akalileta mlangoni kwa 200, uniti ileile imefika 10,000. Sasa chukua bili ya jirani yako mwenye bomba na dira yake, ugawe fedha alizolipa kwa uniti alizotumia. Hatafika 10,000. Hatafika hata karibu na 5,000. Mto ni mmoja, dawa ni ileile, bomba kubwa lililopita barabarani ni hilohilo, lakini anayelipa zaidi ni yule asiyekuwa na bomba.

Haya hayakuanzia Mabawa. Mjini, mnyonge hununua maji kwa bei ya juu kuliko mwenye nacho, kwa kuwa hununua kidogo kidogo, tena kwa mkono wa pili au wa tatu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika ripoti yao ya pamoja ya mwaka 2025, walisema watu bilioni 2.1 duniani hawana maji ya kunywa yaliyo salama kwa kipimo kamili. Kipimo chenyewe kina masharti matatu: maji yapatikane hapo hapo nyumbani, yawepo wakati yanapohitajika, na yasiwe na uchafu wa vijidudu wala kemikali hatari. Watu milioni 106 kati yao wanateka moja kwa moja mitoni, maziwani na madimbwini. Tukisikia takwimu za namna hii mawazo yetu hukimbilia nchi za jangwa, ng'ombe waliokufa kwa kiu na picha za misaada. Lakini pima uani kwako kwa masharti hayo matatu. Mpangaji wa Mabawa anayechota kwa jirani amekwisha kulikosa sharti la kwanza, na siku bomba likikatika, la pili.

Nayasema haya nikijua kwamba Tanga ni mji wenye bahati ya maji. Vuka mpaka wa Horohoro uende Mombasa uone. Kisiwa kile kimeishi miaka mingi kwa visima vya maji ya chumvi na mikokoteni ya madumu, na maji yake matamu yanatoka mbali: mengine Marere kule Kwale, mengine Baricho kwenye Mto Sabaki, mengine Chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo, umbali wa zaidi ya kilomita 200, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Sisi mto wetu uko karibu. Zigi unaanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, wilayani Muheza, unateremka ukikusanya vijito, unazuiwa na bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978, kisha maji yanasukumwa hadi kwenye mtambo wa Mowe kusafishwa. Hapo yanatiwa shabu ili tope lishikamane na kuzama, yanapita kwenye chujio la mchanga, yanatiwa klorini, ndipo yanaingia mjini. Mto wenyewe haukomei kwetu. Unaendelea hadi Amboni, ndipo unaingia baharini.

Kwa hiyo swali la Tanga si kama maji yapo. Swali ni nani anayalipia, na analipa nini. Nimeliwaza sana swali hili na jibu langu ni moja: wanaolipa zaidi ni walio kwenye ncha mbili za bomba. Huku chini yupo mpangaji asiye na dira. Kule juu yupo mkulima wa ukingo wa Zigi. Sisi wa katikati, wenye bomba lenye jina letu na simtanki juu ya paa, ndio tunaolipa kidogo, na mara nyingi ndio tunaolalamika kwa sauti kubwa.

Nianze na ncha ya chini. Nyumba nyingi za Mabawa ni za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani kuna jiko, choo na bomba. Kila chumba kina familia yake. Bomba lina jina la mwenye nyumba, na pengine mwenyewe hakai hapo. Bili ikija, kazi ya kuigawa inabaki kwa wapangaji. Tugawe kwa vyumba au kwa vichwa? Mwenye chumba kimoja na watoto watano alipe sawa na kijana anayelala peke yake na kuoga kazini? Mama lishe anayeosha sufuria kubwa tatu kila alfajiri alipe kiasi gani? Uani ninapopafahamu, bomba limetiwa kufuli na ufunguo uko kwa mama mmoja mtu mzima anayeheshimiwa na wote. Hufungua asubuhi na jioni. Mama mwenye kitoto kichanga akirudi kwa ndoo ya tatu anaambiwa, kwa upole lakini mbele ya watu, "Mwanangu, hiyo ya tatu, na bili tunalipa wote." Binti yule anaiacha ndoo nusu, anaondoka. Nepi zinasubiri jioni.

Kibaya zaidi ni pale mmoja asipolipa fungu lake. Bili haimjui mpangaji wa chumba cha tatu, inaijua nyumba. Maji yakikatwa yanakatwa kwa wote, na yule aliyelipa kila mwezi bila kukosa anabeba dumu kwenda nyumba ya pili kununua kwa bei ile ya dumu niliyoitaja mwanzo. Amelipa mara mbili. Kuomba aunganishiwe bomba lake mwenyewe hawezi, kwa sababu nyumba si yake. Na hata angeweza, nani atagharamia mabomba, viungio na dira kwenye ukuta wa mtu mwingine, ilhali kodi yake inaisha baada ya miezi sita?

Maji yakishakuwa ya dumu, usalama wake nao unapungua. Yametoka Mowe yakiwa safi na klorini ndani yake. Yanamwagwa kwenye dumu lililowahi kubeba mafuta ya kula, yanahamishiwa kwenye ndoo, yanachotwa kwa kata iliyolala sakafuni, na kila saa klorini inazidi kupungua nguvu. Mtu anaweza kunywa maji ya bomba lililo salama na bado akaharisha. Ndiyo maana wataalamu wa afya wanasisitiza bomba liwe nyumbani, lisiishie jirani: kila mkono yanaopitia maji ni nafasi nyingine ya uchafu kuingia.

Pwani yetu ina historia ya kutosha kuhusu jambo hili. Kipindupindu kikubwa cha mwaka 1869 kilishuka kutoka bara, kupitia nchi ya Wamasai, kikaingia Pangani, umbali mfupi kusini ya hapa, na kutoka Pangani kikapanda majahazi hadi Unguja, ambako kiliua watu wengi sana. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja wakati huo, alikifuatilia kituo kwa kituo kwa kuwauliza watu wa misafara, akachapisha kitabu mwaka 1876. Misafara ile haipo tena, lakini visima vifupi na vyoo vya shimo tunavyo bado. Sehemu kubwa ya Tanga haijafikiwa na mabomba ya majitaka. Na ardhi yetu ni ya mawe ya chokaa na matumbawe, yenye nyufa na mashimo. Mwenye shaka akayatazame Mapango ya Amboni. Mwamba wa namna hiyo hauchuji. Kinachoingia kwenye shimo la choo kinaweza kukifikia kisima cha jirani bila kizuizi, na ukichimba zaidi kuyakwepa hayo, unakutana na chumvi.

Serikali haikulala usingizi miaka yote hii. Mwaka 1971 nchi ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi ndani ya mita 400. Na yalikuwa ya bure. Msimamo wa wakati ule ulikuwa kwamba maji ya vijijini yanalipiwa na serikali. Mashine zilifungwa, visima vikachimbwa, kisha dizeli ikawa haipatikani, vipuri vikakosekana, na mwaka 1991 ulipofika wengi walikuwa bado wanashuka mtoni. Sera ya Maji iliyotoka mwaka huohuo ikaanza kumtaka mtumiaji achangie. Sera ya 2002 ikashikilia mita 400 zilezile, ikaongeza kwamba kituo kimoja kihudumie watu 250. Mwaka 2019 ikaja sheria mpya na RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ikaanzishwa. Sasa tunasikia kauli ya kumtua mama ndoo kichwani, na Waziri wa Maji aliyeibeba kauli hiyo nchi nzima, Jumaa Aweso, ni mbunge wa Pangani, mtoto wa mkoa huu.

Kuna siku moja katika historia hiyo ambayo haitajwi sana. Tarehe 28 Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kutamka kwamba maji safi na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Bolivia ndiyo iliyolipeleka azimio. Nchi 122 zilikubali, hakuna iliyokataa, na 41 zilijizuia kupiga kura. Miongoni mwa hizo 41 zilikuwamo Marekani, Uingereza na Kanada. Zilikuwamo pia Kenya na Tanzania. Inaniuma kwamba hatukuwa upande wa zile 122. Lakini niseme pia kwamba azimio lenyewe halikusema nani atalipa bili ya kila kaya, na hapo ndipo maisha ya mtu wa kawaida yalipo. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa linapendekeza kwamba gharama ya maji isizidi asilimia 3 ya kipato cha kaya. Mwenye kuuza vitumbua akipata faida ya shilingi 5,000 kwa siku, asilimia 3 ni 150. Hilo ni dumu moja na nusu kwa bei ya 100. Watoto wake wanne wataoga na nini?

Sasa tupande juu, kwenye ncha ya pili, maana huko ndiko ambako wengi wetu hatujawahi kufika wala kufikiria.

Misitu ya Amani imetolewa macho kwa zaidi ya miaka mia. Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti wa mimea hapo mwaka 1902. Mashamba ya chai yalikuja na kukaa. Wakulima wakapanda iliki chini ya miti mikubwa, na iliki ikaifungua misitu pole pole. Miaka ya 1970 na 1980 magogo yalikatwa kwa mashine na kuteremshwa kwenye kiwanda cha mbao cha Sikh Saw Mills hapa Tanga, kwa msaada wa Finland, mpaka wanasayansi walipopiga kelele na ukataji ukasimamishwa. Finland ileile ikarudi kusaidia kuihifadhi misitu iliyobaki, na mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikatangazwa. Kisha dhahabu. Mwishoni mwa 2003 watu walimiminika Sakale wakachimba hadi kwenye vijito vinavyoulisha Zigi. Kwa anayekunywa maji Tanga mjini, wachimbaji wadogo wana madhara ya aina mbili: tope linalojaza bwawa na kuongeza gharama ya dawa pale Mowe, na zebaki wanayokamatia dhahabu. Tope shabu italizamisha. Zebaki ikishayeyuka majini, shabu na klorini haziwezi kuiondoa yote.

Nilisema mkulima wa huko analipa. Analipa nini? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Majani na miti ya ukingoni ndiyo inayozuia udongo usiingie majini. Lakini ipime kwa shamba la mtu. Ekari moja yenye umbo la mraba ina upande wa takribani mita 64. Mwenye ekari moja iliyopakana na mto, ukimwondolea mita 60, umemwachia kijia cha kupita kuku. Hapo ndipo alipokuwa akilima mahindi, magimbi na miwa, kwenye udongo wenye rutuba kuliko mwingine wote alionao. Ameambiwa auache ili maji yangu yawe meupe.

Wakulima wa bonde la Zigi hawakukaa kulalamika tu. Wana umoja wao, UWAMAKIZI, Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira wa Kihuhwi na Zigi. Wanapanda miti kandokando ya mto, wanatengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko, wanaonyana wao kwa wao. Mamlaka ya maji ya Tanga, yaani Tanga UWASA, imeshirikiana nao, na mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuhifadhi mabonde ya Ruvu na Zigi nao umefanya kazi huko. Ni mambo ya kushukuru. Lakini mradi una mwaka wa kuanza na mwaka wa kufunga, na mche wa mti ni mche tu. Mtoto wa shule hauli.

Mwaka 2024 mji wetu uliingia kwenye historia. Tanga UWASA iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua huduma ya maji na kutunza mazingira. Wawekezaji wakainunua, ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Naiunga mkono. Mtambo haupanuliwi kwa dua peke yake, na ni bora tukope kwa Watanzania wenzetu kuliko kungoja mfadhili. Hata hivyo, tazama hesabu yake. Asilimia 13.5 ya fedha hizo ni zaidi ya bilioni 7 kwa mwaka, na fedha za kulipia riba hiyo msingi wake ni bili zetu. Mwenye hatifungani ana karatasi inayosema atalipwa kiasi gani na lini. Natamani mkulima aliyeacha mita 60 za shamba lake naye awe na karatasi ya namna hiyo. Yeye naye amewekeza kwenye maji ya Tanga. Aliwekeza ardhi.

Si ndoto. Mji wa New York uliona miaka ya 1990 kwamba kuwalipa wakulima na wakazi wa milima ya Catskill watunze vyanzo vya maji ni nafuu kuliko kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja, na mwaka 1997 ukatia saini makubaliano na miji midogo ya huko. Hapa nchini, kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu jambo kama hilo kwenye milima ya Uluguru, wakulima wa juu wakalipwa kwa kutunza udongo ili maji ya Mto Ruvu yashuke Dar es Salaam yakiwa safi. Na mahali ambapo malipo kama hayo hayakufanyika, watu wana kinyongo. Wakazi wa Taita wamelalamika miaka mingi kwamba bomba la Mzima linapita kwao kwenda Mombasa huku wao wenyewe wakitafuta maji kwa madumu.

Kuna neno nataka kuwaambia wenye uwezo, hasa Waislamu wenzangu. Sadaka ya maji tunaipenda, na msingi wake ni mkubwa. Seyyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma pale Madina, ambacho mmiliki wake alikuwa akiwauzia watu maji kwa kipimo, akakifanya wakfu wa bure kwa wote. Tangu hapo kuchimba kisima ni sadaka inayoendelea. Leo Tanga visima vya msaada vinachimbwa misikitini na kwenye viwanja, na vingine, kwa sababu ya mwamba wetu na vyoo vyetu, maji yake ni ya chumvi au si ya kunywa kabisa. Tazameni Uthman alichokifanya hasa: aliondoa bei iliyokuwa inawabana maskini. Kwa gharama ya kisima kimoja kirefu zinaweza kuunganishiwa bomba nyumba nyingi zenye wajane na wapangaji, kila chumba na dira yake ndogo. Hilo nalo ni kuondoa bei.

Na kwetu sisi wa katikati. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kabla ya kubadili bei za maji huitisha taftishi, mkutano wa hadhara ambapo mwananchi anaweza kusimama na kusema. Wanaokwenda ni wachache, na wengi wao husema neno moja tu: bei isipande. Safari nyingine ikitangazwa Tanga, twende tukaseme mambo mawili. La kwanza, nyumba za wapangaji wengi ziwekewe dira kwa kila chumba, za kulipia kabla ya kutumia, na gharama ya kuunganisha ilipwe kidogo kidogo, ili anayelipa asikatiwe kwa kosa la asiyelipa. La pili, kwenye kila uniti tunayotumia likatwe fungu dogo, liandikwe kwenye bili kwa jina lake, lipelekwe kwa wakulima wa Kihuhwi na Zigi kwa mkataba wa miaka, kama wanavyolipwa wenye hatifungani. Mimi niko tayari kulipa nyongeza hiyo, na nawaomba wenye mabomba wenzangu wa Mabawa, Ngamiani, Chumbageni na Raskazone tusimame pamoja siku hiyo tukaseme hivyo.